Hema Lenye Tumbo la Tanga

Mzee Jaribu Hamadi ameketi chini, miguu ameinyoosha, na pindo la turubai amelibana kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Mkononi ana kisu kidogo kilicholika kwa kunolewa. Leo hashoni. Anafumua.

Ni saa moja ya asubuhi uani kwa Bi Ghania binti Humoud, mjini Wete. Uzi ulioshonwa kwa wiki mbili unatoka kidogo kidogo, na Mzee Jaribu anauweka kando, kila kipande juu ya kingine, maana uzi wa namna hii madukani hauko. Akifika mahali ambapo mshono umekazwa sana, anasita.

"Hapa nilishona vizuri," anasema, kama mtu anayesoma jina la marehemu.

Nyuma yake limesimama lori. Ukilitazama haraka ni lori kama yale ya kubebea magunia ya karafuu, ila tumbo lake limefanywa nyumba. Nyuma ya kiti cha dereva limefungwa pipa la maji. Ubavuni mna rafu ya mikeka na mablanketi, chini ya rafu mna jiko la stovu la kuchemshia sindano, majembe mawili, shoka, mnyororo, na mbao mbili nene za kutandika matairi yakizama topeni. Madebe ya petroli yamefungwa nje, mbali na jiko. Na nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama chini unafika bila taabu, limekaa sanduku la dawa.

Lori lina kila kitu, isipokuwa hema. Hema ndilo hilo linalofumuliwa.

Aliyelitengeneza lori ni Ahmada, dereva ambaye pia ni seremala. Yuko juu ya bodi, anapigilia bawaba, na mdomo wake haupumziki.

"Mzee Jaribu, fumua taratibu! Usije ukafumua na lori lenyewe, tukabaki na matairi."

"Miye nikifumua lori, weye utakula nini?"

"Nitakwenda kuvua. Si tanga n'nalo?"

Mzee Jaribu anacheka kidogo. Kisha kicheko kinamkauka, anainama tena juu ya turubai.

Lori hili ni wakfu. Bi Ghania alilinunua mwaka jana, kabla bei ya karafuu haijaporomoka hivi, akatamka mbele ya mashahidi kwamba gari hili na vyote vitakavyotiwa ndani yake ni wakfu kwa wagonjwa wa buba wa kisiwa cha Pemba. Buba haiui upesi. Huanza na kidonda kimoja, ikaja na vingi, ikashuka kwenye nyayo mtu akatembea kwa visigino kama kaa, na ikiachwa huingia mifupani. Dawa yake ni sindano. Lakini mtu wa kijijini ambaye nyayo zake zimeoza hawezi kuifuata sindano mjini, basi Bi Ghania alitaka sindano imfuate yeye.

Safari ilipangwa ya siku nne, na kulala kuwe huko huko njiani. Mchana hema livutwe kutoka ubavuni mwa lori, lisimamishwe kwa nguzo mbili, wagonjwa wakae chini yake. Usiku walale humo dereva na Msellem, yule mganga msaidizi ambaye watu wote wanamwita dresa. Wavuvi wa Pemba wanaokwenda kupiga kambi ufukweni siku kadha huita kambi yao dago. Watu wa Wete walipoliona lori likitiwa mikeka na sufuria wakacheka: "Haya, dago la nchi kavu hilo!"

Hema lilihitaji mshonaji wa turubai, na Wete nzima mshonaji wa turubai ni mmoja.

Mzee Jaribu ameshona matanga tangu hajaota ndevu. Wavuvi wa kisiwa cha Fundo walikuwa wakimwekea zamu. Zamani msimu mmoja ulimletea matanga manne, matano, na viraka visivyohesabika. Mwaka huu ameshona moja. Shida imewafika wavuvi nao, wanaziba matanga yao kwa magunia ya unga, na mtu anayeziba kwa gunia hahitaji fundi.

Kwa hiyo Bi Ghania alipomwita, aliitikia kabla hajaambiwa kazi yenyewe. Na alipoambiwa, aliuliza swali moja tu.

"Bibi, lori hili litafika Vitongoji?"

"Litafika. Ndiyo mwisho wa safari. Chake, kisha Pujini, kisha Vitongoji."

Mzee Jaribu akaupindisha uso ukutani asionekane.

Vitongoji yupo Mize, mtoto wa binti yake Mwanabaraka. Ana umri wa miaka saba. Kidonda cha kwanza kilimtokea kwenye muundi baada ya kukwaruzwa na mwiba, mama yake akakifunga majani. Sasa hakanyagi. Mifupa ya miguu inamuuma hata shuka likimgusa, na usiku hulala amekaa, ameegemea kifua cha mama yake.

Babu yake alikwenda kumtazama, akampa habari za lori. Mize hajaona lori maishani mwake.

"Babu, lina pembe?"

"Halina pembe, lina macho mawili ya kioo."

"Linakula nini?"

"Linakunywa tu, mjukuu wangu. Na mimi ndiye ninayelishonea nguo."

"Basi lishonee nzuri," akasema Mize, "lisije likaona haya kuja huku kwetu."

Maneno hayo ya mtoto, Mzee Jaribu anayarudia mpaka leo, na akiyarudia kisu chake husimama. Maana ndiyo yaliyomponza. Alitaka kuishona nzuri.

Ilikuwa hivi. Turubai lililetwa jora zima kutoka Unguja, jipya, zito, halijaguswa na maji. Mzee Jaribu hakuwahi kupewa nguo kama ile tangu kuzaliwa kwake. Akaitandaza, akapiga bismillahi, akaanza kukata. Na mkono wake ukakata jinsi ulivyozoea kukata kwa miaka arobaini: kila upande wa nguo ukapunguzwa kidogo huku na kidogo kule, katikati ukaachwa mpana, ili pande zikiunganishwa nguo ifanye tumbo. Tanga lisilo tumbo halishiki upepo. Baba yake alikuwa akisema tanga lisilo tumbo ni shuka la kulalia.

"Sikusahau kwamba ni hema," anasema. "Watu wanadhani nilisahau. Nilijua ni hema. Lakini niliona nguo nzuri vile, nikaona haya kuikata kama shuka. Nikasema, hili nalipa tumbo zuri kuliko matanga yote niliyoshona, maana linakwenda kwa Mize."

Hakuna aliyemuuliza. Ahmada ni mtu wa mbao, Msellem ni mtu wa chupa, Bi Ghania aliliona limekunjwa. Lilipokunjwa lilikuwa zuri ajabu. Mishono imenyooka, pindo limetiwa kamba pande zote, matundu ya kufungia yamezungushiwa uzi uliopakwa nta. Ubishi wao ulikuwa mmoja tu: Mzee Jaribu alitaka kulipaka sifa, yale mafuta ya papa, lisipitishe maji, na Msellem akakataa katakata.

"Mzee wangu, mgonjwa ana vidonda, hana pua ya chuma. Nani atakaa chini ya papa aliyeoza?"

Lori likaondoka watu wakilipungia mkono. Mzee Jaribu alikwenda nyumbani akamwambia mkewe, Kazija, "Siku ya nne Mize atachomwa sindano." Kazija akapika mkate wa kumimina, akagawa kwa majirani.

Siku ya pili, adhuhuri, lori likarudi.

Mzee Jaribu alilisikia likinguruma njiani. Alitoka mbio bila kuvaa viatu, akidhani kazi imekwenda upesi kuliko ilivyotarajiwa. Alipofika, Ahmada alikuwa ameshashuka, nguo zimelowa tope hadi magotini.

"Mzee Jaribu," akasema, "umetushonea tanga. Tulichokosa ni usukani."

Yaliyotokea aliyasikia kwa vipande. Kwenye kijiji cha kwanza hema lilisimamishwa, wagonjwa wakajaa chini yake. Upepo ulipovuma, hema likashiba, likavuta nguzo, lori likawa linalia kwa kamba. Watu wakacheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kazeni jamani, tufike Tanga leo leo!" Baadaye ikaja mvua. Tumbo lililokuwa juu likageuka chini. Maji yakajaa pale katikati, likaning'inia kama kiwele cha ng'ombe, na kabla watu hawajawahi kulisukuma kwa fimbo, nguzo ikavunjika.

Maji yote yakaangukia sanduku la dawa, nalo lilikuwa limeshushwa chini ya hema, wazi.

Chupa nyingi zilivunjika. Bendeji na pamba zikawa uji. Mtu hakuumia, ila bibi mmoja mzee alilowa chepe, akaondoka akisema, "Nilikuja kutibiwa, nimeoshwa kama maiti."

Mzee Jaribu aliisikiliza hadithi hiyo mpaka mwisho amesimama. Kisha akaketi pale pale uani, juu ya mchanga.

"Vitongoji je?" akauliza.

Ahmada akainama, akaanza kujipangusa tope magotini.

Siku ya tatu tangu lori lirudi, alikuja uani mtu aitwaye Silima, nahodha wa Fundo, aliyekuja Wete kununua ndoana na kuisikia habari sokoni. Akalitandaza lile hema, akalitembelea kwa pima ya mikono, akalitazama pembe hii na pembe ile. Palipochanika nguzo ilipovunjika aliingiza kidole, akatikisa kichwa: si kitu. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota lulu.

"Mzee Jaribu, hili ni tanga langu!"

"Lako vipi?"

"Kwa kimo, kwa tumbo, kwa kila kitu. Kama ulinipima nimelala! Nami nyumbani n'nalo turubai jipya, halijakatwa, nimeliweka nikuletee ushone tanga. Chukua langu, nipe hili. Weye upate nguo iliyonyooka, miye nipate tanga. Nani kaonewa?"

Mzee Jaribu anasema hakumbuki vizuri alivyofika mlangoni kwa Bi Ghania. Anakumbuka tu Silima nyuma yake akicheka peke yake.

Bi Ghania aliwasikiliza kutoka nyuma ya pazia la ukumbi. 

"Mzee Jaribu, nguo ile ni wakfu," akasema.

"Naam, Bibi. Na wakfu utapata nguo nyingine, nzima."

"Kilichowekwa wakfu hakiuzwi. Kubadilishana si kuuza?"

"Bibi, mimi si msomi. Lakini faida si ya wagonjwa?"

"Ngoja nikaulizishe. Sitaki kukukatia shauri mimi."

Akaulizisha. Jibu la shehe wake lilirudi jioni ile ile: kilichotamkwa wakfu kwa wagonjwa hakiwezi kutoka kwenda baharini kuvulia samaki wa mtu, maadamu bado nguo inafaa, hata kwa kipande, katika kazi iliyowekewa. Bi Ghania alilitoa jibu hilo, kisha akaongeza:

"Nimeagiza jora jingine, Mzee Jaribu. Wamenijibu litakuja baada ya masika."

"Baada ya masika, Bibi, njia ya Vitongoji itakuwa imekufa."

"Najua, ndugu yangu. Najua."

Silima alijaribu kuondoa huzuni. "Basi na miye n'tajipaka udongo mwekundu, niseme n'na buba, nigawiwe hilo tanga," akasema. Hakuna aliyecheka. Alipokuwa akiaga alimshika Mzee Jaribu bega. "Ningekupa langu bure, wallahi. Lakini chomboni tuko watu sita, na hao sita wana watoto. Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Nenda kwa amani."

Ndiyo sababu leo anafumua. Mishono ikisha kufumuliwa, kila upande utakatwa upya, unyooke. Lakini nguo iliyokwisha kupunguzwa hainenepi. Ukinyoosha ubavu uliokatwa kwa kupinda, sharti uulete wote ufanane na mahali pembamba kabisa. Kitakachobaki ni kihema cha kufunika sanduku la dawa, na dresa, na mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yake. Wengine watasubiri mvuani.

Msellem dresa anakuja saa tatu kuupima upana. Anasalimu, "Sabalkheri, mzee wangu," anachuchumaa pembeni ya turubai. Ni kijana wa maneno machache. Hajamlaumu Mzee Jaribu hata mara moja, na jambo hilo, anasema Mzee Jaribu, linamuuma kuliko angetukanwa.

"Kesho alfajiri tunaondoka," anasema Msellem. "Hema la kulala vijijini hatuna tena, basi tutakwenda mpaka Chake tu. Tutalala pale, asubuhi nitafungua sanduku. Dawa iliyosalimika ikimalizika, tunageuza."

"Pujini?"

"Hapana."

"Vitongoji?"

Msellem anachora kitu mchangani kwa kidole, anakifuta. "Mzee Jaribu, yule mjukuu wako, mifupa imeanza kupinda?"

"Muundi wa kushoto. Umefanya upanga."

"Nisikudanganye. Sindano inaua buba, inaondoa maumivu, atalala usingizi. Lakini mfupa uliopinda sindano haiunyooshi. Na kila siku inayopita unapinda zaidi."

"Kwa hiyo zile siku nilizokula mimi…"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema," anajibu Mzee Jaribu. Anarudi kwenye mshono.

Saa nne Kazija anamletea mumewe chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, na vipande vya muhogo wa kuchemsha. Ni mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono mipole. Anakaa karibu naye, anaanza kukusanya nyuzi zilizofumuliwa, anazisokota zisipotee.

"Mchuma janga hula na wa kwao," anasema bila kumtazama.

"Sema, Kazija. Leo sema yote."

"Nimeshasema. Kula muhogo."

Wanakula. Ahmada naye anashuka kwenye bodi, anajitilia chai bila kukaribishwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana mzaha.

Kilicho mezani, kama wangekuwa na meza, ni hiki: nani atamleta Mize Chake? Mama yake yumo katika arobaini, ana mtoto mchanga wa siku chache, hatoki nje. Baba yake yuko Mombasa kwenye kazi ya bandari, na barua haijamfikia. Majirani wa Vitongoji ni watu wema, wanaleta uji, wanauweka mlangoni. Lakini kumbeba mgongoni mtoto mwenye buba, vidonda vyake viguse shingo ya mtu, hapo kila mmoja anamkumbuka mwanawe mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu.

"Nitakwenda miye," anasema Mzee Jaribu.

Kazija anaweka kikombe chini. "Weye? Mgongo wako hata ndoo ya maji hauchukui. Ukiketi unainuliwa, ukiinuliwa unalalamika."

"Nitambeba polepole."

"Ukimwangusha?"

"Sitamwangusha."

"Mguu huo hata shuka linamuuma, Jaribu! Atalia njia nzima. Utavumilia?"

 Mzee Jaribu anakiangalia kisu, kisha viganja vyake, vigumu kama kwato mahali sindano ilipokuwa ikisukumwa kila siku. "Sitavumilia," anasema hatimaye. "Nitakwenda hivyo hivyo."

Mpango wake ni huu. Msellem amekubali apande juu ya mizigo, kwa jina la fundi wa hema, mpaka Chake. Lori likifika, akisha kulisimamisha lile hema dogo na kuhakikisha halitamwangukia mtu, ataondoka kwa miguu kwenda Vitongoji. Atafika kabla ya sala ya isha. Mtoto atalala kidogo. Kabla ya kupambazuka atamtia mgongoni kwa kanga ya mama yake, warudi Chake.

Kasoro ya mpango anaijua mwenyewe. Chake watu wameshasikia habari za sindano. Watakuja na usiku, watakaa foleni kabla ya jua, na dawa ni ile iliyobaki. Mtu mwenye mgongo kama wake, mwenye mtoto anayelia na kuomba apumzishwe kila penye kivuli, hatafika wa kwanza.

"Kwani dresa hawezi kukuwekea chupa moja?" anauliza Ahmada. "Moja tu, jamani."

"Nilimwomba," anasema Mzee Jaribu. "Akaniambia, mzee wangu, nikimwekea wako, nitamwambia nini mwanamke aliyesimama mbele yangu na wake? Nikaona amesema kweli. Dawa imeshapungua kwa ajili yangu, na hao waliopungukiwa nitawapunguzia tena vipi?"

Ahmada anakuna kichwa. Kazija ameacha kusokota uzi.

Ndipo Mzee Jaribu anaivua kofia yake. Ni kofia ya viua, ya vitundu vilivyozungushiwa uzi, aliyoishona Mwanabaraka kabla hajaolewa, imefuliwa mpaka imekuwa rangi ya maziwa. Bila kofia anaonekana mdogo, na upara wake ni mweupe kuliko uso. Mtu mzima wa Pemba haonekani njiani kichwa wazi, ila awe na msiba.

"Nikisha kulisimamisha hema," anasema, "nitaiweka hii chini, mbele ya sanduku, iwe ya kwanza kwenye mstari. Niweke na jiwe juu yake isipeperuke. Watakaokuja wataikuta. Watauliza ya nani, nawe Ahmada utawaambia."

"Niwaambie ya nani?"

"Waambie ya yule aliyelishona hema."

Ahmada anamtazama. "Mzee Jaribu, wakijua ni ya aliyelishona hema, wataipiga teke mpaka baharini."

"Labda," anasema Mzee Jaribu. "Labda wataipiga teke. Ni haki yao. Na labda atatokea mmoja, mwanamke, naye amebeba mtoto, aseme iacheni ikae, huyo ana wake anakuja naye."

Anaikung'uta vumbi, anairudisha kichwani, anaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Miye nitakuwa njiani tu, na Mize mgongoni, sijui lipi. Sitajua mpaka nifike."

Kisha analibana tena pindo la turubai kwa kidole gumba, anainamisha kisu, na uzi unaendelea kutoka.